Kutoka Taka za Seli hadi Chupa ya Urembo: Safari ya Neno Eksosomu

Utangulizi

Katika biashara ya urembo ya miaka hii, neno eksosomu limepata mvuto mkubwa. Linaandikwa kwenye chupa ndogo za seramu, kwenye matangazo ya kliniki za ngozi za Seoul, London na Los Angeles, na kwenye orodha za bei za wanaoahidi kuondoa mikunjo ya uso, makovu ya chunusi na hata upara. Miaka arobaini iliyopita neno hilo hilo lilijulikana na watu wachache mno, waliokuwa wakichunguza damu ya kondoo na ya panya maabarani. Wakati huo wengi waliamini kwamba kitu kinachoitwa eksosomu ni taka tu inayotupwa na seli.

Insha hii inafuatilia safari hiyo. Swali lake ni hili: ilikuwaje kitu kilichohesabiwa kuwa taka kikawa bidhaa ya kurudisha ujana? Jibu la haraka ambalo wengi hulitoa ni kwamba sayansi ilisonga mbele na biashara ikafuata nyuma. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Tukiangalia tarehe kwa makini tutaona jambo la kushangaza zaidi. Katika miaka ile ile ambayo wanasayansi walikuwa wanaonyana wasilitumie ovyo jina eksosomu, wafanyabiashara wa urembo walikuwa wanaliokota na kulibandika kwenye chupa. Hoja yangu ni kwamba kilichouzwa kwa haraka zaidi katika historia hii ni jina lenyewe. Kwa sisi tunaosoma Kiswahili, na ambao baadhi yetu tutakuja kuwa wafasiri wa lebo, vipeperushi na habari za afya, jambo hili linatuhusu moja kwa moja.

Vumbi la damu

Historia ya eksosomu inaanzia kwenye kuganda kwa damu, mbali kabisa na ngozi. Mwaka 1946, Erwin Chargaff na Randolph West wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walichapisha matokeo ya majaribio yao kuhusu plazma, yaani ile sehemu ya majimaji ya damu. Walionyesha kwamba plazma ikizungushwa kwa kasi kubwa sana kwenye mashine, chembe ndogo hushuka na kukaa chini ya chupa, na kwamba masalia hayo yana uwezo wa kuharakisha kuganda kwa damu. Kulikuwa na kitu humo, lakini hakikuwa kimeonekana kwa macho wala kupewa jina.

Mwaka 1967, Peter Wolf, mtafiti wa Uingereza, alikichunguza kitu hicho kwa hadubini ya elektroni. Alieleza kwamba chembe sahani za damu humwaga vipande vidogo vidogo vyenye mafuta mengi. Alitumia maneno yenye maana ya “vumbi la chembe sahani”. Jina hilo linastahili kuangaliwa. Vumbi ni kitu kinachofagiliwa, na hakuna anayelipangia bei. Kwa miaka mingi vifuko hivi vilitazamwa hivyo, kama makombo yanayoanguka chini ya meza wakati kazi yenyewe inafanyika mahali pengine.

Neno eksosomu lenyewe lilijitokeza mwaka 1981, katika kazi ya Eberhard Trams na wenzake huko Marekani. Waliona kwamba seli walizokuwa wakizikuza zilikuwa zikiachia vifuko vidogo vyenye vimeng’enya, wakapendekeza viitwe eksosomu. Mizizi ya neno hilo ni ya Kigiriki: ekso ni nje, soma ni mwili. Kwa hiyo maana yake ya msingi ni “kimwili kilichoko nje”. Kwa Trams na wenzake jina hilo lilikuwa pana, likihusu vifuko vinavyotoka kwenye utando wa seli. Lakini halikubaki na maana hiyo kwa muda mrefu.

Kondoo, panya na maana mpya

Mwaka 1983 makundi mawili ya watafiti, kila moja kivyake, yalikuwa yakitafuta jibu la fumbo moja. Chembechembe nyekundu ya damu ikiwa bado changa huhitaji madini ya chuma. Juu ya utando wake huwa na vipokezi vya kuyapokea madini hayo. Ikishakomaa, vipokezi hivyo havipo tena. Je, vilikwenda wapi?

Katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, Clifford Harding, John Heuser na Philip Stahl waliviwekea alama vipokezi vya chembechembe changa za panya, wakavifuatilia. Huko Montreal, Kanada, Bin-Tao Pan na Rose Johnstone wa Chuo Kikuu cha McGill walifanya kazi kama hiyo kwa damu ya kondoo. Ilitarajiwa kwamba vipokezi visivyohitajika vingesagwa ndani ya seli. Walichokiona kilikuwa tofauti. Vipokezi vilikusanywa ndani ya mfuko mkubwa uliojaa vifuko vidogo. Mfuko huo ulisogea hadi ukingoni mwa seli, ukaungana na utando wa nje, kisha ukavimwaga nje vifuko vyote vilivyokuwa ndani yake.

Mwaka 1987 Johnstone na wenzake walitumia jina eksosomu kwa vifuko hivyo hasa. Hapo maana ya neno ilibanwa. Kuanzia hapo, eksosomu halikuwa tena jina la kila kifuko kilichoko nje ya seli. Likawa jina la kifuko kilichozaliwa ndani ya mfuko mkubwa wa ndani, kisha kikatolewa nje kwa njia hiyo maalumu. Kwa maneno mengine, eksosomu hutambulika kwa asili yake, yaani mahali ilipozaliwa na mlango iliopitia. Ukubwa wake, ambao kwa kawaida ni kati ya nanomita 30 na 150, hautoshi kuitambulisha. Tulikumbuke jambo hili, kwa maana ndilo litakaloleta mgogoro wa baadaye.

Hata hivyo, kazi ya eksosomu ilibaki kuonekana kuwa ni ya usafi. Seli inakua, inatoa kisichohitajika, basi. Hapakuwa na sababu ya mfanyabiashara yeyote wa vipodozi kuvutiwa na pipa la taka la chembechembe za damu ya kondoo.

Taka zinageuka kuwa barua

Mageuzi yalianza mwaka 1996. Graça Raposo na wenzake walionyesha kwamba seli za kinga za aina ya B huachia vifuko hivi, na kwamba vifuko hivyo vinaweza kuziamsha seli nyingine za kinga. Miaka miwili baadaye, mwaka 1998, Laurence Zitvogel na wenzake nchini Ufaransa walionyesha kwamba eksosomu kutoka kwenye seli fulani za kinga zinaweza kuusaidia mwili wa panya kupambana na uvimbe wa saratani. Taka haifanyi kazi kama hiyo.

Pigo kubwa kwa dhana ya taka lilikuja mwaka 2007 kutoka Göteborg, Uswidi. Hadi Valadi, Jan Lötvall na wenzao waligundua kwamba eksosomu hubeba RNA, yaani maelekezo ambayo seli huyatumia katika kutengeneza protini. Walichukua eksosomu za seli za panya wakazipeleka kwenye seli za binadamu, kisha wakakuta protini za panya ndani ya seli hizo za binadamu. Maana yake ni kwamba maelekezo yalitoka seli moja, yakasafiri ndani ya kifuko, yakafika seli nyingine na yakatekelezwa. Kuanzia hapo mfano uliopendwa na wengi haukuwa tena wa pipa la taka. Ukawa mfano wa barua.

Wakati huo huo, watafiti wa seli shina walikuwa na fumbo lao. Seli shina zilipopandikizwa kwenye viungo vilivyoumia, nyingi zilikufa au kutoweka mapema, lakini nafuu ilionekana hata hivyo. Mwaka 2010 kundi la Sai Kiang Lim nchini Singapore lilitoa ushahidi, kwa kutumia mioyo ya panya, kwamba sehemu ya nafuu hiyo hutokana na vifuko vinavyotolewa na seli hizo, wala si seli zenyewe. Wazo hili ndilo mlango uliofunguliwa kwa watu wa ngozi. Kama vifuko vya seli shina vinasaidia moyo ulioumia, kwa nini visisaidie jeraha? Na kama vinasaidia jeraha, kwa nini visisaidie uso uliozeeka? Kila swali kati ya haya ni halali kulitafiti. Lakini tuone jinsi hatua zinavyorefuka: tumetoka moyo wa panya ulioumia tukafika shavu la binadamu mzima asiye na ugonjwa wowote ila umri.

Mwaka 2013 Tuzo ya Nobel ya Tiba ilitolewa kwa James Rothman, Randy Schekman na Thomas Südhof kwa kazi yao kuhusu jinsi vifuko vinavyosafirisha mizigo ndani ya seli. Tuzo hiyo haikuhusu eksosomu za ngozi, na wala haikuwa na uhusiano na vipodozi. Ni vizuri kulisema hili wazi, kwa sababu jina la tuzo kubwa ni rahisi kuazimwa na mtu anayetaka bidhaa yake ionekane na heshima.

Soko la ngozi lilikuwa na desturi yake

Kabla ya kuieleza hatua inayofuata, hatuna budi kuliangalia soko lenyewe, kwa sababu eksosomu hazikuingia kwenye nyumba tupu. Wauza urembo walikuwa na desturi ya muda mrefu ya kuchukua neno jipya kutoka maabara na kulipeleka dukani.

Mfano wa kutisha ni wa Ufaransa katika miaka ya 1930. Radiamu ilikuwa ajabu ya sayansi wakati huo, na krimu iliyoitwa Tho-Radia iliuzwa Paris ikiwa na thoriamu na radiamu ndani yake. Ilitangazwa kwa jina la daktari aliyeitwa Alfred Curie, ambaye hakuwa ndugu wa Marie na Pierre Curie. Mnunuzi alivutwa na mambo mawili, yaani jina la kitu na jina la mtu. Leo tunajua kwamba alichokuwa akijipaka ni mionzi.

Lakini si kila safari ya namna hii iliishia pabaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Alec Bangham wa Uingereza aligundua kwamba mafuta ya aina fulani yakichanganywa na maji hujipanga yenyewe kuwa vifuko vidogo, ambavyo baadaye viliitwa liposomu. Mwaka 1986 kampuni ya Dior ilitoa krimu ya Capture, iliyotumia vifuko hivyo. Hivyo basi, miaka mitatu tu baada ya majaribio ya St. Louis na Montreal, soko la urembo lilikuwa tayari limejifunza kuuza kifuko kidogo kisichoonekana. Liposomu zilikuwa kitu halisi, zilitengenezwa kwa vipimo, na baadaye zilitumika pia katika dawa za hospitali.

Mfano wa tatu ni wa sumu ya botulinamu. Huko Vancouver, Kanada, Jean Carruthers, daktari wa macho, aliitumia kutibu mishtuko ya kope, akaona mikunjo kati ya nyusi inatulia. Yeye na mumewe Alastair, daktari wa ngozi, walichapisha matokeo mwaka 1992. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha Botox kwa mikunjo hiyo mwaka 2002. Miaka kumi ilipita kati ya chapisho na kibali, na katika muda huo kulikuwa na majaribio, vipimo vya dozi na orodha ya madhara.

Mfano wa nne uko karibu zaidi na eksosomu. Ni ule wa kuchukua damu ya mteja, kuizungusha mashinani, kutenga plazma yenye chembe sahani nyingi na kuirudisha usoni kwa sindano ndogo ndogo. Ulipata umaarufu duniani mwaka 2013 baada ya Kim Kardashian kuonyesha picha ya uso wake ukiwa na damu. Mwaka 2024, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilichapisha ripoti ya uchunguzi ulioanza mwaka 2018 kuhusu wateja wa saluni moja ya New Mexico isiyokuwa na leseni, ambao inaelekea waliambukizwa virusi vya UKIMWI kupitia huduma hiyo. Tatizo halikuwa plazma. Tatizo lilikuwa sindano, usafi na kukosekana kwa msimamizi.

Mifano hii minne inatupa kipimo. Jina jipya la sayansi likiingia sokoni, tunapaswa kuuliza mambo matatu: kitu chenyewe kimo ndani ya chupa kweli? Kimejaribiwa kwa kazi hiyo? Na anayekitumia anasimamiwa na nani?

Wanaliacha, wanaliokota

Sasa tufike kwenye kiini cha insha hii. Kadiri utafiti ulivyoongezeka baada ya 2007, ndivyo watafiti walivyogundua kwamba jina lao lina kasoro. Seli hutoa vifuko kwa njia zaidi ya moja. Vingine huzaliwa ndani ya mfuko mkubwa, na hizo ndizo eksosomu kwa maana ya Johnstone. Vingine huchipuka moja kwa moja kutoka kwenye utando wa nje. Vingine hutokana na seli inayokufa. Ukubwa wao huingiliana, na alama zao za protini pia huingiliana. Ni kama watu waliosimama uani: kwa kuwatazama tu huwezi kujua nani alitokea mlango wa mbele na nani alipitia jikoni.

Kana kwamba mkanganyiko huo hautoshi, mwaka 1997 watafiti wengine walilitumia jina hilo hilo kwa kitu kingine kabisa, yaani kundi la protini linalosaga RNA ndani ya seli. Kwa hiyo leo neno moja lina maana mbili hata ndani ya vitabu vya biolojia.

Mwaka 2011 watafiti wa fani hii waliunda jumuiya yao ya kimataifa, ISEV. Mwaka 2014 jumuiya hiyo ilitoa mwongozo wa mambo ya lazima katika utafiti wa vifuko hivi, na mwaka 2018 ikautoa upya ukiwa na waandishi zaidi ya 300. Mwongozo wa 2018 ulishauri kwamba, kama mtafiti hawezi kuthibitisha njia ambayo vifuko vyake vilizaliwa, asiviite eksosomu. Atumie jina la jumla lenye maana ya vifuko vilivyoko nje ya seli, kisha aeleze ukubwa wake, alama zake na chanzo chake. Toleo lililofuata, lililochapishwa mwaka 2024 likiwa na waandishi zaidi ya 1,000, liliendeleza msimamo huo.

Tuziweke tarehe hizi kando ya tarehe za soko. Miaka hiyo hiyo ya mwishoni mwa 2010 ndiyo ambayo kampuni za Korea Kusini zilianza kupeleka sokoni bidhaa za ngozi zenye eksosomu, nyingi zikitokana na majimaji ambamo seli shina za mafuta ya mwili wa binadamu zilikuwa zimekuzwa. Huko Marekani, kliniki zilizokuwa zikiuza huduma za seli shina zilianza kutangaza eksosomu pia. Kwa hiyo mtaalamu wa maabara aliyetumia maisha yake kuvichunguza vifuko hivyo alikuwa anaogopa kuandika neno hilo kwenye makala yake, ilhali muuzaji aliliandika kwa herufi kubwa kwenye kasha.

Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Jina lililosifiwa maabarani lilipofika sokoni lilianza kuongezwa maji. Leo kuna bidhaa zinazoitwa za eksosomu zitokanazo na seli za binadamu, na nyingine zitokanazo na waridi au mimea mingine. Seli ya mmea nayo hutoa vifuko, hilo ni kweli. Lakini kifuko cha waridi na kifuko cha seli shina ya binadamu havibebi mzigo mmoja, na ushahidi wa kimoja si ushahidi wa kingine. Jina moja limekuwa mwavuli, na chini ya mwavuli huo kila mtu anajikinga kwa utafiti wa mwenzake.

Ushahidi upo, lakini ni mdogo

Ingekuwa dhuluma kusema kwamba hakuna ushahidi wowote. Mwaka 2020 watafiti wa Korea Kusini walichapisha jaribio la watu 25 wenye makovu ya chunusi. Kila mmoja alichomwa kwa leza usoni, kisha nusu moja ya uso ikapakwa jeli yenye eksosomu za seli shina za mafuta, na nusu nyingine jeli isiyo nazo. Baada ya wiki 12, alama za makovu zilipungua kwa asilimia 32.5 upande wa eksosomu na asilimia 19.9 upande wa pili. Mgonjwa na mpimaji hawakujua upande upi una nini. Huo ni utaratibu mzuri, na matokeo yake yanatia moyo.

Hata hivyo, tulisome jaribio hilo kwa makini. Watu 25 ni wachache. Wiki 12 ni muda mfupi. Lilihusu makovu ya chunusi, si uzee wala upara. Lilihusu bidhaa moja iliyotengenezwa kwa njia moja. Na leza ilikuwa tayari imefungua ngozi. Tabaka la juu kabisa la ngozi lipo kwa ajili ya kuzuia vitu visiingie, na molekuli kubwa hazipiti hapo kwa urahisi. Eksosomu ni kubwa mara nyingi kuliko molekuli hizo. Kwa hiyo mtu anayejipaka seramu nyumbani juu ya ngozi nzima hafanyi kile kilichofanywa katika jaribio hilo, hata kama jina la kwenye chupa ni lile lile.

Hapa ndipo sheria inapotatizika. Kwa kawaida kipodozi ni kitu cha kupaka juu ya mwili ili kusafisha, kunukisha au kupendezesha. Dawa ni kitu kinachodai kutibu au kubadilisha kazi ya mwili, na hutakiwa kuthibitishwa kabla ya kuuzwa. Chupa ya eksosomu inaweza kuingia dukani kwa mlango wa vipodozi, kisha mikononi mwa mtoa huduma ikaingizwa ndani ya ngozi kwa sindano. Mlango wa kuingilia ni mwepesi, matumizi ni mazito.

Mamlaka mbalimbali zililiona tatizo hilo. Desemba 2019 FDA ilitoa onyo kwa umma baada ya wagonjwa katika jimbo la Nebraska kupata madhara makubwa kutokana na bidhaa zilizouzwa kuwa ni za eksosomu bila kuidhinishwa. Ilisema wazi kwamba hakuna bidhaa ya eksosomu iliyokuwa imeidhinishwa nayo. Umoja wa Ulaya, katika Kanuni yake ya vipodozi Na. 1223 ya mwaka 2009, ulikuwa tayari umepiga marufuku seli, tishu na mazao ya mwili wa binadamu katika vipodozi, na hii ni sababu mojawapo ya bidhaa za mimea kushamiri huko. Korea Kusini yenyewe, ambako biashara hii ina nguvu sana, inaruhusu bidhaa hizo kama vipodozi vya kupaka, si vya kudunga.

Tukirudi kwenye maswali yetu matatu, majibu ni haya. Kitu kimo ndani ya chupa? Mara nyingi mnunuzi hana njia ya kujua. Kimejaribiwa? Kidogo, kwa baadhi ya bidhaa na kwa baadhi ya matatizo. Mtumiaji anasimamiwa? Inategemea nchi, na hata ndani ya nchi inategemea mlango aliouingia.

Sisi na neno hili

Msomaji anaweza kuuliza habari hizi za Seoul na Nebraska zinatuhusu nini sisi wa Uganda, Rwanda au Burundi. Zinatuhusu kwa sababu tumeshapita njia inayofanana na hii kwa bidhaa nyingine. Krimu za kujichubua zenye zebaki na haidrokwinoni ziliingia katika masoko yetu zikiwa na majina ya kupendeza. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, ulilenga kuviondoa vipodozi vyenye zebaki ya zaidi ya sehemu moja katika milioni ifikapo 2020, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuviondoa kabisa vipodozi vilivyoongezwa zebaki ifikapo 2025. Rwanda ilifanya msako mkali wa krimu zilizopigwa marufuku mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019. Hatua hizo zilikuja baada ya ngozi nyingi kuharibika. Sisemi kwamba eksosomu ni sawa na zebaki. Zebaki ni sumu inayojulikana. Ninachosema ni kwamba mnunuzi wa krimu zile na mnunuzi wa seramu hizi wanafanana katika jambo moja. Wote wawili wananunua neno wasiloweza kulipima.

Na hapa lugha yetu ina udhaifu ambao hatuna budi kuukiri. Neno letu “dawa” ni pana mno. Tuna dawa ya malaria, dawa ya meno, dawa ya mbu na dawa ya viatu. Mtu akiuza chupa na kuiita “dawa ya ngozi”, msikilizaji hawezi kujua kama ameuziwa kipodozi au tiba. Mpaka ambao sheria huuchora kati ya vitu hivyo viwili, mazungumzo yetu ya kila siku huufuta. Mfasiri wa lebo asipokuwa mwangalifu atamsaidia muuzaji kuruka ua ambao sheria imeujenga.

Napendekeza basi mambo mawili kwa wenzangu. La kwanza, tunapoandika kuhusu jamii nzima ya vitu hivi, tuseme “vifuko vya nje ya seli”. Neno eksosomu tuliachie pale ambapo chanzo chake kimethibitishwa, kama wenye fani wanavyotaka. La pili, tunapotafsiri matangazo ya urembo, tutofautishe kila mara “kipodozi” na “dawa”, hata kama mwenye bidhaa anapendelea neno la pili kwa sababu linauza zaidi.

Hitimisho

Tumeona jinsi vumbi la mwaka 1967 lilivyopata jina mwaka 1981, likapewa maana kali mwaka 1987, likageuka kutoka taka kuwa barua kati ya 1996 na 2007, na hatimaye likaingia kwenye chupa ya urembo. Katika hatua zote hizo kitu chenyewe hakikubadilika. Seli za kondoo zilikuwa zikitoa vifuko kabla ya Johnstone kuzaliwa, na zinaendelea kuvitoa hadi leo. Kilichobadilika ni sisi, na namna tulivyovitaja.

Huenda baada ya miaka kumi majaribio makubwa yakaonyesha kwamba baadhi ya bidhaa hizi zinaponya makovu vizuri, kama Botox ilivyothibitishwa kwa mikunjo. Huenda nyingine zikasahaulika kama Tho-Radia. Kwa mwanafunzi wa historia kungoja si aibu. Lakini mtu anayelala kwenye kiti cha kliniki leo, uso ukiwa tayari umetobolewa kwa sindano, hangoji historia. Anategemea lile neno lililoandikwa kwenye chupa. Ndiyo maana ni haki yake neno hilo liwe la kweli.